PIKIPIKI ISIYOWAKA: JINSI YA KUIFUATA PETROLI TOKA TANGINI HADI INJINI

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, pikipiki imekuwa mguu wa pili wa mkulima. Pale Kiptere, katika njia itokayo Kapsoit kuelekea Sondu, ndiyo ipelekayo maziwa kabla hayajachacha, na majani mabichi ya chai kabla hayajaungua kwa joto lake yenyewe ndani ya gunia. Usiku wa mvua, wakati magari hayapiti, ndiyo imchukuayo mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Neno bodaboda lilianza mbali na huko, mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, ambako vijana waliwavusha watu kwa baiskeli. Lakini tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki zenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 250, chombo hiki kimeenea hata katika vijiji vya milimani.

Basi pikipiki ikikataa kuwaka, hasara si ya mwenyewe peke yake. Hata hivyo watu wengi wapatwapo na shida hiyo hufanya moja katika mambo mawili yasiyofaa. Wengine huipiga teke mpaka mguu uchoke, au hubonyeza kitufe cha kuwashia mpaka betri ife. Wengine huifungua kila mahali bila mpango, na jioni pikipiki haiwaki na skrubu mbili zimepotea. Iko njia ya tatu iliyo bora, nayo ni kuchunguza kwa utaratibu. Mkulima ambaye maji hayafiki shambani mwake hachimbi mfereji mpya. Huufuata mfereji ule ule toka chemchemi mpaka aone mahali palipoziba. Petroli nayo yafaa ifuatwe vivyo hivyo.

Injini yataka nini

Injini ya petroli yataka mambo matatu ili iwake: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo, cheche ya plagi kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Likikosekana moja, injini hainguruma. Somo hili lahusu hasa jambo la kwanza.

Kwa kawaida kila kilo 1 ya petroli huhitaji hewa karibu kilo 15. Kazi ya kupima mchanganyiko huo ni ya kabureta. Hewa ikizidi sana, mchanganyiko huwa mwepesi na cheche haiuwashi. Petroli ikizidi sana, plagi hulowa na cheche hufa. Nchi ya milima ina jambo lake pia. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na Kisumu karibu mita 1,130. Kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa inavyopungua uzito. Kwa mita 2,000 hupungua karibu sehemu moja katika tano. Kwa hiyo pikipiki iliyotengenezwa sawasawa kwa ajili ya Kisumu huenda ikapata petroli nyingi mno ifikapo milimani, ikatoa moshi mweusi na kuwa nzito kuwaka.

Hadhari ya moto kwanza

Kabla ya kugusa kitu chochote, kila mtu ajue kwamba kitu kiwakacho si petroli ya maji bali ni mvuke wake, na mvuke huo hutoka hata katika baridi kali. Ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini sakafuni kama moshi usioonekana, na waweza kuufikia moto wa jikoni ulio mbali na mahali pa kazi. Kwa sababu hiyo pikipiki isifunguliwe ndani ya nyumba wala karibu na jiko. Itolewe nje, injini iachwe ipoe, na sigara, koroboi na kiberiti viwe mbali. Anayetaka mwanga usiku atumie tochi. Tena petroli isivutwe kwa mdomo kupitia mpira, kwa maana tone likiingia mapafuni laweza kumwua mtu.

Watu wa Bonde la Ufa hawajasahau siku ya tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilipopinduka na watu wakakimbilia kuchota petroli iliyomwagika. Moto ulilipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Petroli iliyo katika kikombe ina tabia ile ile ya petroli iliyo katika lori. Tofauti ni wingi wake tu.

Mambo madogo yanayosahauliwa

Fundi mwenye busara huanza na yale yasiyohitaji spana. Je, swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani imewekwa mahali pa kuwasha? Je, gia iko huru? Je, stendi ya pembeni imekunjwa? Pikipiki nyingine haziwaki stendi ikiwa chini. Je, koki ya petroli imefunguliwa? Na je, tangi lina petroli? Mtu asiitegemee saa ya petroli, kwa maana huharibika. Afungue mfuniko, aitikise pikipiki kidogo, aangalie kwa macho yake.

Choki nayo yataka akili. Asubuhi ya baridi injini yahitaji choki ili ipate petroli nyingi kidogo. Injini ikiwa imekwisha pata joto, choki huigharikisha. Watu wengi wa milimani huivuta choki saa zote kwa mazoea, kisha hushangaa kuona plagi imelowa.

Plagi ndiyo shahidi

Mambo hayo yakiwa sawa na pikipiki bado haiwaki, ipigwe teke mara saba au nane, kisha plagi ifunguliwe itazamwe. Plagi ni shahidi asiyesema uongo. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki katika silinda. Shida iko njiani. Ikiwa imelowa na yanuka petroli, petroli inafika, pengine kupita kiasi, au cheche ndiyo isiyokuwapo. Ikiwa ina matone yasiyonuka petroli, yanayokaa juu ya chuma kama umande, hayo ni maji. Hivyo plagi moja humwonyesha mtu aende upande gani, na kumwepusha na kazi ya bure.

Plagi ikiwa kavu

Hapa ndipo mfereji unapofuatwa. Mpira wa petroli uchomolewe pale unapoingia katika kabureta, ncha yake itiwe ndani ya chupa safi ya kioo, kisha koki ifunguliwe. Petroli yapaswa itiririke bila kukatika. Iko namna tatu za majibu.

Kwanza, petroli yatiririka vizuri. Basi tangi, koki na mpira havina lawama, na kizuizi kiko ndani ya kabureta.

Pili, petroli yatoka vizuri mwanzoni, kisha yapungua, mwisho yadondoka tone moja moja. Mfuniko wa tangi ufunguliwe mara moja. Ikiwa pumzi yasikika ikiingia tangini, na petroli ikaanza tena kutiririka, kosa ni la mfuniko. Kila mfuniko una kijitundu cha kuingizia hewa, ili hewa ichukue nafasi ya petroli inayotoka. Tope au vumbi likikiziba, petroli hunaswa tangini kama uji katika kibuyu kilichoinamishwa bila njia ya hewa. Pikipiki ya namna hii huwaka, huenda kilometa chache, kisha huzimika. Ikipumzika kidogo huwaka tena. Wengi hudhani injini imepata joto mno, kumbe ni kijitundu kisichozidi unene wa sindano.

Tatu, petroli haitoki kabisa, au yatoka kidogo tangu mwanzo hata mfuniko ukiwa wazi. Koki iwekwe upande wa akiba. Ikitoka hapo, yawezekana petroli imeshuka tu chini ya mdomo wa bomba la kawaida, maana bomba hilo limesimama juu kidogo ndani ya tangi, na tundu la akiba liko chini. Isipotoka, chujio la koki limeziba kwa kutu au takataka, au mpira umepindika na kujibana. Tangi limwagwe, koki ifunguliwe, chujio lioshwe kwa petroli safi.

Ndani ya kabureta

Chini ya kabureta kuna kikombe kinachoweka petroli kidogo tayari kwa injini. Ndani yake mna boya. Petroli ikijaa, boya huelea na kuisukuma sindano ndogo izibe mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Uchafu ukiingia mlangoni, moja katika mambo mawili hutokea: sindano hukwama imefunga, na kikombe kikauka, au hukwama imefunguka, na petroli ikamwagika chini kwa mpira wa kutolea. Mara nyingine kuligonga kikombe polepole kwa mpini wa bisibisi hutosha kuikwamua sindano. Lakini dawa hiyo ni ya kumfikisha mtu nyumbani tu. Uchafu ungali ndani na lazima utolewe.

Juu ya kikombe zimo jeti mbili, yaani vijibomba vya shaba vyenye matundu yaliyopimwa. Jeti kubwa hulisha injini inapokwenda kwa nguvu. Jeti ndogo, ambayo tundu lake katika pikipiki nyingi halifiki nusu ya milimita, huilisha inapowaka na inaponguruma polepole. Hiyo ndogo ndiyo huziba kwanza. Dalili yake ni hii: pikipiki huwaka kwa choki tu, na choki ikirudishwa hufa. Jeti isitobolewe kwa waya, kwa maana waya hupanua tundu, na tangu siku hiyo pikipiki itakula petroli nyingi. Ioshwe kwa petroli safi au dawa ya kuoshea kabureta, kisha ipulizwe kwa pampu mpaka mwanga uonekane upande wa pili.

Pikipiki iliyolala miezi mingi bila kutumiwa ina ugonjwa huu karibu kila mara. Sehemu nyepesi ya petroli huruka hewani, na iliyobaki huwa kama utomvu unaoziba jeti. Petroli ya zamani imwagwe yote. Kuiongeza mpya juu yake si tiba.

Maji yaliyoingia katika petroli

Katika nchi ya chai, ambako mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka, maji ni adui mkubwa. Huingia kwa mfuniko usiofunga vizuri, au kwa jerikeni iliyoachwa wazi. Hata tangi lililo nusu tupu hutoa umande ndani yake usiku wa baridi. Maji ni mazito kuliko petroli; hukaa chini kabisa, mahali hasa ambapo tundu la akiba huchota. Ndiyo sababu pikipiki nyingine huenda vizuri siku zote, lakini siku inapotiwa akiba hufa papo hapo.

Kuyajua maji si kazi ngumu. Skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta ilegezwe, na petroli itoke ndani ya chupa ya kioo. Chupa iachwe itulie. Ikiwa mna maji, yataonekana chini yakiwa yametengana na petroli kwa mstari ulio wazi.

Chukua mfano wa dereva wa Kiptere aliyetia petroli ya chupa kando ya njia jana jioni. Alfajiri pikipiki yawaka kidogo kwa choki, kisha yafa. Plagi ina matone yasiyonuka. Mpira watiririsha vizuri; basi njia iko wazi. Kikombe kikimwagwa katika chupa, maji yaonekana chini. Mtu mwenye haraka angefunga skrubu na kuondoka, naye angezimikiwa tena kabla ya kufika mbali, pengine na mgonjwa mgongoni, kwa maana maji ya kikombe yalitoka tangini na mengine yamebaki huko. Mwenye busara hufungua koki upande wa akiba, humwaga sehemu ya chini ya tangi mpaka petroli itoke safi, ndipo huosha kikombe na kufunga. Kuondoa dalili si kuondoa chanzo.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa

Liko kosa jingine lisilotokana na mvua bali na tamaa ya binadamu, nalo ni kuchanganya petroli na mafuta ya taa. Mambo haya yalizidi Kenya hata mwaka 2018 ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ukawekwa juu ya mafuta ya taa, ili kuondoa faida ya udanganyifu huo. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi. Kwa hiyo pikipiki iliyotiwa mchanganyiko huu huwa ngumu kuwaka asubuhi ya baridi, lakini mchana hujitahidi. Nayo hutoa moshi na kugonga inapopanda mlima.

Jaribio lake ni rahisi. Tone moja lidondoshwe juu ya karatasi nyeupe safi, mbali na moto. Petroli safi hukauka upesi isiache doa. Ikibaki alama ya mafuta, muuzaji huyo asinunuliwe tena. Jaribio hili ni la kumwonya mnunuzi tu, wala si la kumhukumu mtu. Kupima kwa uhakika ni kazi ya mamlaka ya nishati, EPRA, ambayo raia yeyote aweza kuipelekea malalamiko.

Plagi ikiwa imelowa

Ikiwa petroli imegharikisha injini, koki ifungwe, choki irudishwe, plagi itolewe ikaushwe kwa kitambaa safi. Kishikio cha kuongezea mafuta kifunguliwe chote, injini ipigwe teke mara kadha ili ipumue, kisha plagi irudishwe na kujaribiwa. Plagi isikaushwe kwa moto. Anayetaka kuitazama cheche kwanza aondoe petroli yote iliyomwagika, na tundu la silinda lizibwe kwa kitambaa kilicho kikavu, ndipo plagi igusishwe kwenye chuma cha injini mbali na tundu hilo. Cheche iliyo karibu na mvuke haichagui fundi na mwanafunzi.

Ikiwa plagi hulowa kila siku, chujio la hewa litazamwe. Miezi ya kiangazi, vumbi la murram hulijaza mpaka injini ikose pumzi. Pia yafaa kuangalia kama sindano ya kabureta yafunga sawasawa. Kama cheche haipo kabisa, basi shida ni ya umeme, na hilo ni somo jingine.

Pikipiki zisizo na kabureta

Pikipiki nyingine za miaka hii hazina kabureta. Petroli husukumwa na pampu ya umeme na kupulizwa katika injini kwa kipimo cha kompyuta ndogo. Hizo nazo huumwa na maji, uchafu na mafuta ya taa, tena zaidi, lakini hazifunguliwi kwa bisibisi kando ya njia, kwa maana petroli yake iko katika shindikizo kubwa. Mwenyewe asikilize tu kama pampu yalia kidogo afunguapo swichi, aangalie fyuzi na betri, kisha aende kwa fundi aliyesomea kazi hiyo.

Kuzuia ni bora kuliko kutengeneza

Mambo machache yatamwokoa mwenye pikipiki na shida nyingi. Anunue petroli kwenye pampu inayojulikana, si chupani. Akimimina kwa jerikeni, apitishe kwenye chujio safi. Tangi lisiachwe karibu tupu usiku wa baridi. Kila mwezi kikombe cha kabureta kimwagwe kidogo ndani ya chupa na kutazamwa. Mfuniko usafishwe kijitundu chake, na mpira uliopasuka ubadilishwe kabla haujavuja juu ya injini yenye joto.

Kazi hizi hazichukui nusu saa, wala hazihitaji zaidi ya bisibisi, spana ya plagi, kitambaa na chupa ya kioo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Naye dereva aliyejifunza kuifuata petroli hatua kwa hatua hataogopa mlango wake ukibishwa saa nane za usiku, kwa maana ajua kwamba chombo chake kitawaka, na kama hakikuwaka, ajua mahali pa kuanzia.